Ndege ya Kiti Kimoja

Asimamaye sokoni Malakisi na kuelekeza uso wake kaskazini huuona mlima Elgon, ambao wenyeji Wabukusu huuita Masaba, umeinuka hata kufikia mita 4,321 na kuufunika upeo wote wa upande huo. Na kwa kuwa mpaka wa Uganda uko karibu upande wa machweo, na Kitale iko mbali kidogo upande wa mawio nyuma ya mashamba ya mahindi, mgeni aweza kudhani ya kuwa hapa ni mahali pa wakulima wa tumbaku na pamba tu, ambapo habari za ndege za vita hazikupata kufika ila kwa njia ya gazeti na redio. Dhana hiyo si sahihi. Reli iliyofika Kitale mwaka 1926 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa yeyote aliyekuwa akienda Turkana, na barabara itokayo hapo kupitia Kapenguria hadi Lodwar ndiyo iliyopitishiwa chakula, petroli na risasi za majeshi yaliyoilinda pembe ile ya Kenya walipokuwa Waitaliano wameishika nchi ya Uhabeshi. Tena baadaye, katika mwaka 1976, Malakisi yenyewe ilijikuta ndani ya ardhi ambayo mtawala wa Uganda, Idi Amin, alidai kuwa ni yake, na dai lile likawa sababu mojawapo ya Kenya kujinunulia ndege za mapigano zilizo bora kuliko ilizokuwa nazo. Kwa hiyo habari za ndege hizi na za marubani wake ni zetu sisi pia, wala haifai kuwaachia wageni wazisimulie peke yao.

Ndege ya mapigano, yaani ile ndogo yenye kasi iliyoundwa kwa ajili ya kuzifukuza na kuziangusha ndege nyingine, katika zama za vita vikuu aghalabu ilikuwa na kiti kimoja. Aliyeketi katika kiti hicho alikuwa yeye mwenyewe nahodha, mshika usukani, mpiga bunduki, msoma ramani na mlinzi wa nafsi yake, hana wa kumshauri wala wa kumpokea. Na ni kwa sababu hiyo waandishi wengi wamemchora kuwa shujaa wa peke yake, mfano wa mwewe juu ya uwanda, ambaye fakhari yake ni hesabu ya ndege alizoziangusha. Rai yangu ni nyingine. Katika visa vya marubani hao vilivyotukia katika Afrika ya Mashariki, vile vinavyostahili kusimuliwa kwa watoto wetu ni vile ambavyo mtu aliyeketi peke yake katika kiti kile alimkumbuka mtu mwingine: rafiki aliyekwama, au adui aliyekufa, au raia waliokuwa wamelala bila ya kujua kwamba wamewekwa katika shabaha.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe, maana pasipo kukijua chombo hayatufahamikii matendo ya aliyekiendesha. Shida ya awali kabisa ya waundaji ilikuwa hii: rubani hulenga shabaha kwa kuielekeza ndege nzima, basi bunduki yake haina budi kutazama mbele, nako mbele ndiko iliko rafadha, lile pangaboi lizungukalo kwa kasi na kuivuta ndege; na mwenye kufyatua risasi kupitia hapo ataikata rafadha yake mwenyewe na kuanguka. Katika mwaka 1915 mafundi wa Anthony Fokker, Mholanzi aliyewaundia Wajerumani ndege, waliunganisha mtambo wa bunduki na mzunguko wa injini kwa namna ambayo bunduki ilinyamaza kila bawa la rafadha lilipopita mbele yake na kulia tena lilipokwisha kupita, na tangu siku hiyo anga ikawa uwanja wa kuuana. Bunduki zenyewe zilikuwa za ule ukoo wa silaha ambazo askari wa keya, yaani King's African Rifles, waliziita bombomu, uliotokana na uvumbuzi wa Maxim, ambao ulizisaidia dola za Ulaya kuitwaa Afrika katika miaka ile ile ambayo Wabukusu walipigana na Waingereza pale Chetambe, mwaka 1895. Nusu karne haikupita kabla ya silaha za ukoo huo kurukishwa juu ya nchi yetu.

Vita vya pili vilipoanza, vikosi vilivyoletwa Kenya vilikuwa na ndege za aina mbalimbali, nyingine zimekwisha kuchakaa. Hawker Fury ya Waingereza ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyovikwa kitambaa, na bunduki mbili. Mwendo wake haukufikia kilomita 360 kwa saa, ilhali ndege ya mabomu ya Kitaliano iitwayo Savoia-Marchetti SM.81 iliweza kukimbia kilomita 340, hata rubani wa Fury akichelewa kidogo kuondoka hakuwa na matumaini ya kuifikia. Gloster Gladiator, nayo ya mabawa mawili, ilifika kilomita 410 na kubeba bunduki nne. Waitaliano kwa upande wao walikuwa na Fiat CR.42, ya mabawa mawili pia, yenye kasi ya kilomita 440 na bunduki mbili za risasi nene, ambayo kwa wepesi wa kugeuka hewani ilikuwa na wachache wa kushindana nayo. Kisha ikaja Hawker Hurricane, ya bawa moja, yenye magurudumu yanayokunjwa baada ya kuruka, kasi ya takriban kilomita 520, na bunduki nane ndani ya mabawa. Bunduki hizo nane zikilia pamoja zilimaliza risasi zote zilizobebwa kwa muda wa kama sekunde 15; kwa hiyo rubani aliyefyatua kwa hamaki kabla ya kukaribia alijikuta angani na chombo kisicho na meno, mbele ya adui ambaye bado anayo yake.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa Kitale na Bungoma watalifahamu upesi kuliko watu wa Mombasa, nalo ni la mwinuko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Nairobi na Nakuru haziko chini sana ya hapo, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa takriban sehemu moja katika sita. Bawa huiinua ndege kwa kuisukuma hewa. Injini hupata nguvu kwa kuchoma petroli pamoja na hewa. Hewa ikipungua, vyote viwili hudhoofika kwa pamoja, na ndege iliyoruka kwa urahisi kando ya bahari huhitaji kiwanja kirefu zaidi hapa petu, na kirefu zaidi tena wakati wa adhuhuri jua likiwa kali. Ndiyo sababu injini za ndege za mapigano zilitiwa pampu maalumu ya kuishindilia hewa ndani, ili zisipungukiwe na pumzi huko juu ambako mapigano hufanyika. Nakuru na Nanyuki palifunguliwa vyuo vya kuwafunza watu wa ndege za mabomu, na vijana waliotoka katika nchi za tambarare walilazimika kujifunza upya mambo waliyodhani wameyahitimu.

Vijana ndivyo walivyokuwa, wengi wao wa miaka ishirini na kidogo. Mmoja anayejulikana duniani kote kwa vitabu vyake vya watoto, Roald Dahl, alikuwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili huko, na mwaka 1939 akaendesha gari hadi Nairobi kujiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza. Alifunzwa katika ndege ndogo ya Tiger Moth, akiwa mrefu hata kichwa chake kikatokeza juu ya kioo cha mbele. Katika kumbukumbu zake ameandika kwamba katika darasa lao la watu 16, watu 13 waliuawa angani ndani ya miaka miwili. Yeye mwenyewe alianguka na Gladiator katika jangwa la Misri mnamo Septemba 1940, akanusurika na majeraha makubwa ya kichwa, kisha akarudi vitani na Hurricane huko Ugiriki. Mwenye kuyasoma hayo asidhani kwamba kiti kile kilikuwa cha anasa.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na siku tatu baadaye ndege zake aina ya Caproni ziliipiga Wajir kwa mabomu alfajiri. Mwezi wa Julai Moyale ikatwaliwa, na mwaka huo huo hata Malindi, mji usio na ngome wala jeshi la kutajika, ukadondoshewa mabomu. Kuilinda anga ya nchi walikuwako kikosi cha Warodesia, kilichopewa nambari 237, pamoja na vikosi vya Jeshi la Anga la Afrika ya Kusini. Nao walisambazwa katika viwanja vya vumbi kaskazini na mashariki, ambako maji yaliletwa kwa lori, petroli ilipashwa moto na jua ndani ya mapipa, na mchanga uliingia katika injini hata mafundi wakazifungua na kuzisafisha usiku kucha. Mwanzoni mwa 1941 Hurricane zilikuwa zimepatikana za kutosha, na Jenerali Cunningham na majeshi ya Waingereza walipovuka mpaka kuingia Somalia mambo yalikwenda kwa kasi ambayo hata wenyewe hawakuitarajia: Kismayu ikaanguka katikati ya Februari, Mogadishu tarehe 25 ya mwezi huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili.

Katikati ya mwendo huo ndipo kilipotukia kisa ambacho kwangu mimi kina thamani kuliko hesabu zote za ushindi. Kepteni John Frost wa kikosi cha tatu cha Afrika ya Kusini, kijana aliyekwisha kuziangusha ndege nne za Waitaliano katika siku moja ya mwezi wa Februari, aliongoza Hurricane zake tarehe 15 Machi 1941 kuvishambulia viwanja vya ndege vya Diredawa, katika Uhabeshi. Moto wa mizinga kutoka chini uliipiga injini yake, naye akalazimika kutua katika kiwanja kidogo cha adui. Askari wa Kitaliano walimwona, wakaanza kumwendea. Katika hali ya namna hiyo kanuni ya vita ni bayana: aliyeanguka ameanguka, na wenzake warudi salama na ndege zilizobaki, kwa kuwa ndege ni chache na marubani ni wachache. Luteni Robert Kershaw hakuifuata kanuni hiyo. Aliishusha Hurricane yake katika kiwanja kile kile, chini ya risasi, akasimama, akamngoja Frost akimbie hadi alipo.

Msomaji akumbuke sasa kwamba Hurricane ina kiti kimoja. Haina nafasi ya abiria, wala ya mzigo, wala ya mtu kujibanza nyuma. Kershaw alibaki katika kiti, Frost akaketi mapajani mwake, na kwa sababu aliye juu alimzuia aliye chini asizifikie fimbo na kanyagio, wakagawana kazi: Frost akaushika usukani na kukanyaga kanyagio, Kershaw akashughulika na magurudumu na vibawa vya kutulia. Hivyo watu wawili waliirusha ndege moja ya mtu mmoja kutoka katika kiwanja cha adui, ambacho hakuna kati yao aliyekijua urefu wake, wakarudi kwao wazima. Kershaw alipewa nishani ya DSO, ya kwanza kutunukiwa mtu wa jeshi hilo la anga. Frost aliendelea kupigana, akawa rubani aliyeziangusha ndege nyingi kuliko wote waliotumikia vikosi vya Afrika ya Kusini vyenyewe, mpaka tarehe 16 Juni 1942 alipoondoka kwenda mapiganoni katika jangwa la Afrika ya Kaskazini asirudi, wala mwili wake wala ndege yake visionekane hata leo. Mwenye kupima mambo kwa faida na hasara atasema kwamba Kershaw alihatarisha maisha mawili ili kumpatia Frost miezi kumi na mitano. Mimi nasema miezi kumi na mitano ya uhai wa rafiki ni kitu kikubwa, na hakuna mwenye mizani ya kuidharau.

Kisa cha pili kilitukia mwishoni mwa vita vya Uhabeshi. Waitaliano walikuwa wamekwisha kusalimu amri karibu kila mahali isipokuwa Gondar, na huko walibakiwa na ndege chache mno, hata kila moja iliyoruka iliruka mbele ya macho ya makundi ya maadui. Tarehe 24 Oktoba 1941 Ildebrando Malavolta alipaa na CR.42 yake, akakutana na Gladiator ya rubani wa Afrika ya Kusini, Lancelot Hope. Hizi zilikuwa ndege mbili za mabawa mawili, za namna ambayo kwingineko duniani ilikwisha kupitwa na wakati, zikipambana juu ya milima ya Uhabeshi. Malavolta alijitahidi kwa kila mbinu kumkwepa mwenziwe, lakini risasi zilimpata, ndege ikashika moto na kuanguka karibu na Ambazzo, naye akafa ndani yake. Baada ya hapo ndege ya Waafrika Kusini ilipita juu ya ngome za Waitaliano ikadondosha, badala ya bomu, karatasi yenye salamu za heshima kwa rubani wa Fiat, kwamba alikuwa mtu jasiri. Italia ilimtunuku marehemu nishani yake ya dhahabu, na Gondar ikasalimu amri tarehe 27 Novemba.

Sitaki msomaji achukuliwe na uzuri wa kisa hiki akasahau insafu. Katika vita vya 1935 na 1936 ndege za Italia ziliwamwagia Wahabeshi gesi ya sumu, watu na mifugo na mito, na waliofanya hivyo walikuwa marubani wa jeshi lile lile la anga. Murua wa rubani mmoja hauufuti uovu wa dola iliyomtuma. Hata kiongozi mkuu wa Waitaliano katika vita vya 1941, Amedeo, Duke wa Aosta, ambaye mwenyewe alikuwa rubani na jenerali wa jeshi la anga, na ambaye Waingereza walimpa heshima za kijeshi alipojisalimisha Amba Alagi mwezi wa Mei, aliitawala Uhabeshi kwa niaba ya waliofanya hayo. Alikufa mfungwa jijini Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri, katika kanisa ambalo Waitaliano walilijenga kwa kumbukumbu ya wafu wao. Wapitao barabara ya Nyeri huliona.

Miaka thelathini na minne baada ya kifo hicho, mambo ya anga yakaigeukia pembe yetu hii. Kenya huru ilikuwa imeanzisha jeshi lake la anga mwaka 1964, kwa ndege ndogo za mafunzo na za kuchukua mizigo. Jirani yetu Uganda alikuwa na MiG za Kirusi. Na Amin alipodai mnamo Februari 1976 kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni haki yake, hapana mtu wa Malakisi au Lwakhakha aliyehitaji ramani kufahamu ni nani angeanza kuzisikia ndege hizo. MiG nyingi ziliteketezwa na makomando wa Israeli katika uwanja wa Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai mwaka ule. Kenya ikaagiza kutoka Marekani ndege za jeti aina ya F-5, zenye injini mbili na mwendo upitao ule wa sauti, nazo zikafika mwaka 1978 na kuwekwa Nanyuki. Zilinunuliwa kwa hofu ya adui wa nje. Aliyejaribu kwanza kuzitumia kwa kuua alitoka ndani.

Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, askari wa vyeo vya chini wa jeshi la anga waliasi, wakaiteka Sauti ya Kenya mjini Nairobi na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kuitangazia nchi kwamba serikali imepinduliwa. Wengi wetu twakumbuka ile sauti. Kile ambacho wengi hawakukijua siku ile ni kwamba huko Nanyuki waasi walikuwa wamewaelekezea marubani watatu mitutu ya bunduki, Meja David Mutua, Kepteni John Mugwanja na Kepteni John Baraza, wakawaamuru wapakie mabomu na kwenda kuipiga Ikulu na makao ya askari wa GSU, katikati ya jiji lenye mamia ya maelfu ya watu. Mugwanja na Baraza walipaa kila mmoja na F-5 yake. Mutua alipewa Strikemaster, ambayo ina viti viwili vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, na katika kiti cha pili akaketi koplo mmoja wa waasi, mwenye silaha, kuhakikisha kwamba kazi inafanyika.

Koplo yule hakuwa amewahi kuruka katika ndege ya kivita, na hapo ndipo elimu ya rubani ilipopata nafasi yake. Ndege ikigeuka kwa ghafula ikiwa katika kasi kubwa, mwili wa aliyemo huendelea kutaka kwenda mbele kwa njia iliyonyooka, na kiti huusukuma uifuate ndege. Msukumo huo huhisiwa kama uzito, na katika mgeuko mkali mtu wa kilo 70 aweza kujihisi kana kwamba ana kilo 300 au zaidi. Mkono hauinuki. Damu huvutwa kuelekea miguuni na kuuacha ubongo, macho huanza kuona kiza pembeni, kisha kiza kitupu, na tumbo husokotwa hata mtu asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Marubani hufunzwa kwa miaka kukaza misuli ya miguu na tumbo na kupumua kwa namna maalumu ili kuizuia damu isishuke. Marubani wa Hurricane na Fiat walijifunza hayo kwa taabu, na baadhi yao waliyajua kwa kufa. Mutua na wenzake walikubaliana kuzipindua na kuzigeuza ndege zao kwa ukali kadiri zilivyoweza kustahimili. Koplo akalegea, akachanganyikiwa, asiweze kujua walipo wala kuitumia silaha yake. Mabomu wakayadondosha katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi Nanyuki, na uasi ukazimwa siku ile ile na majeshi yaliyobaki na utii.

Jeshi la anga lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina jingine, na halikurudishiwa jina lake mpaka mwaka 1994. Kuna waliofungwa na waliohukumiwa kufa, na jina la mwanaanga likawa la kushukiwa kwa muda mrefu, hata kwa wasiokuwa na hatia. Katika ghadhabu na huzuni za miaka hiyo kitendo cha wale watatu hakikupewa nafasi yake katika mazungumzo ya watu. Nakiweka mimi pamoja na kile cha Kershaw, na pengine juu yake. Maana Kershaw alimwokoa mtu aliyemjua kwa jina, na hawa waliwaokoa watu ambao hawatapata kujua hata siku moja ni nani kati yao angekufa.

Limebaki jambo la waliokuwa chini ya bawa. Katika vikosi vilivyopigana juu ya Kenya mnamo 1940 na 1941 hakuna Mwafrika mweusi aliyeshika usukani. Afrika ya Kusini iliwazuia weusi wake wasibebe hata bunduki, seuze kurusha ndege. Na kwa watu wa Kenya njia za kuingia jeshini zilikuwa keya, udereva, utumishi wa hospitali, na panyako, yaani vikosi vya kazi. Si wote waliokwenda kwa hiari. Elijah Masinde, mtu wa Wabukusu aliyeanzisha Dini ya Msambwa, alikataa katakata watu wake wachukuliwe kwa nguvu, na serikali ikamwona hasimu. Lakini maelfu walikwenda, kwa hiari au kwa kushurutishwa, na kwa mikono yao vichaka vilifyekwa, viwanja vikasawazishwa, mapipa ya petroli yakaviringishwa, na malori yakavushwa mito mikavu ya kaskazini. Rubani wa Hurricane aliyekuwa na petroli ya kumtosha kwenda na kurudi aliipata kutoka kwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa katika kitabu cha kikosi.

Baadaye askari wengi wa keya walipelekwa Burma. Huko, katika bonde la Kabaw, kati ya Julai na Novemba 1944, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki waliwasukuma Wajapani katika matope na mvua za masika, wakila chakula kilichodondoshwa kwa miavuli na ndege za mizigo, na Hurricane zilizotiwa mabomu chini ya mabawa zikiwafungulia njia mbele yao, hata wakaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Ni ndege ile ile, ikionwa na mtu aliyelala tope shavuni, na maisha yake yakitegemea kama rubani aliye juu atatofautisha mfereji wake na ule wa Wajapani ulio hatua mia mbele. Mababu waliorudi na habari hizo Kimilili, Sirisia, Chwele na Malakisi karibu wote wamekwisha kututoka, na wengi walizika maneno yao pamoja nao.

Nishani zao, hata hivyo, zingali majumbani, katika masanduku ya bati na makopo ya vifungo. Aliyekuwa Burma alipewa nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake mwekundu katikati na buluu pande mbili, na uzi wa rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Aliyepigana Uhabeshi alipewa nyota ya umbo hilo hilo, utepe wake wa rangi ya mchanga uliopitiwa na mstari mwekundu. Ila Waingereza hawakuchora majina juu ya nyota hizo, na baada ya kizazi kimoja zaidi hakuna atakayeweza kusema hii ilikuwa ya nani. Kwa hiyo mwenye nyota ya namna hiyo nyumbani kwake aichukue leo, amkalishe mtu mzima wa ukoo amwulize, na aandike kwa wino jina la aliyeivaa, la baba yake, kijiji alichotoka, kikosi alichotumikia ikiwa kinajulikana, na kama alijenga kiwanja cha ndege akitaje ni kipi.